HESABU ZETU: Mstari usioonekana ndani ya ziwa

Ndani ya Ziwa Victoria upo mstari ambao hakuna mvuvi aliyewahi kuuona. Haukujengwa ukuta wala haukupakwa rangi majini. Lakini mvuvi akiuvuka bila kibali anaweza kukamatwa, na mtumbwi, injini na nyavu zake vikachukuliwa. Huo ni mpaka wa nchi yetu. Je, unajulikanaje?

Chora msalaba mchangani. Mstari mmoja ulale, mwingine usimame. Pale inapokutana ni sifuri. Sasa weka punje ya mahindi popote. Pima kutoka mstari uliosimama: vidole vitatu kulia. Pima kutoka mstari uliolala: vidole viwili chini. Ondoa punje. Mwambie mwenzako, "Tatu kulia, mbili chini." Ataiweka pale pale. Ukimpa namba moja tu, atatafuta mpaka jioni.

Mfaransa René Descartes alieleza hesabu ya namna hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1637. Mwenzake, Pierre de Fermat, alikuwa amefikia wazo hilo hilo. Lakini watazama nyota walikuwa wakipima mahali kwa namba mbili zamani sana kabla yao.

Kwa dunia, mstari uliolala ni Ikweta. Uliosimama hupita Greenwich, London. Kipimo chake ni digrii. Mji wa Mwanza uko karibu digrii 2.5 kusini na digrii 32.9 mashariki.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigawana nchi zetu, walikubaliana huko Ulaya kwamba mpaka ukatishe ziwa kwenye digrii 1 kusini. Wakazi wa ziwani hawakuulizwa. Ukisafiri juu ya mstari huo, namba ya mashariki hubadilika, ile ya kusini hubaki 1. Magharibi ya ziwa mstari huo unapanda nchi kavu. Ardhi iliyo kati yake na Mto Kagera ndiyo majeshi ya Idi Amin yaliyoiteka mwaka 1978, vita vikaanza.

Digrii 1 kwenda kaskazini ni kama kilomita 111. Kutoka Mwanza, 2.5 toa 1 ni 1.5. Zidisha kwa 111: mpaka uko kilomita 167 hivi.

Siku hizi simu nyingi huonyesha namba hizi. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukisoma -1.2 ukiwa majini, bado uko Tanzania. Ukisoma -0.9, umeingia Uganda, au Kenya kama uko upande wa mashariki. Geuza mtumbwi.