Mgodi Hufungwa, Maji Hayafungwi

Hapa mtaani West Indies, mjini Eldoret, maji ya mfereji yakikatika kwa siku mbili, malalamiko hufika haraka kwa wakubwa. Lakini ukiteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kimwarer, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, utawakuta wenzetu wenye swali zito zaidi kuhusu maji, na sauti yao haifiki mbali.

Wakenya wengi walilijua jina la Kimwarer kwa sababu ya bwawa ambalo mradi wake ulifutwa mwaka 2019. Huko ndiko pia kuliko mgodi wa floraspa, madini yanayotumika katika uyeyushaji wa chuma na utengenezaji wa asidi ya viwandani. Yalichimbwa tangu miaka ya 1970 hadi shughuli ziliposimama mwaka 2016. Kila mipango ya kuufufua mgodi inapozungumzwa, hutangulia ajira, fidia na mrabaha. Maji huja mwisho.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mhandisi. Hata hivyo, kazi yangu imenizoeza kulishuku neno linaloficha jambo. Tunasema mgodi "umefungwa". Duka hufungwa, mlango hufungwa. Lakini mvua haijui kwamba leseni imekwisha. Itapita katika mashimo na vifusi, na kubeba inachokikuta hadi Mto Kimwarer, na kutoka huko hadi Kerio.

Tutazame kwa jirani. Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori nchini Uganda, shaba ilichimbwa kuanzia mwaka 1956 hadi 1982. Mabaki yenye salfa yalipokutana na hewa na mvua yalizaa asidi, nayo asidi ikayeyusha metali. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, ulikuwa ukipita kando ya mabaki ya mgodi uliositisha uchimbaji miongo mingi nyuma.

Dawa ipo, nayo si lazima iwe mitambo ya umeme ambayo hakuna atakayeilipia baada ya mwekezaji kuondoka. Maji yenye asidi huweza kupitishwa juu ya mawe ya chokaa yakapungua ukali. Yakaporomoshwa kwenye ngazi ili hewa iigandishe chuma. Kisha yakatulizwa katika kinamasi cha matete, ambamo vijidudu vya matopeni husaidia kuzishusha metali. Mteremko hufanya kazi ya pampu. Lakini mfumo huo nao hutaka mlinzi: tope lizolewe, na mawe yaliyovikwa kutu yabadilishwe.

Kimwarer si Kilembe. Hoja kubwa huko ni floraidi na mchanga laini, na chokaa na matete peke yake si tiba ya floraidi. Mkaa wa mifupa, uliowahi kutumika Nakuru kuchuja maji ya kunywa, ni mfano mmoja wa njia nyingine. Atakayesema kwamba floraidi ya Bonde la Ufa ni ya asili hakosei. Ndiyo maana ni lazima tupime, tujue ya asili ni ipi na ya mgodi ni ipi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi, meno hubadilika rangi na mifupa hudhurika.

Kwa hiyo, kabla ya jiwe la kwanza kuchimbwa upya, mambo matatu yafanywe. Maji yapimwe kiangazi na masika, juu na chini ya mgodi. Matokeo yatangazwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, si kwa Kiingereza cha wataalamu pekee. Na dhamana ya mazingira, ambayo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inairuhusu serikali kuidai, itoshe kumlipa mlinzi wa maji baada ya mwekezaji kwenda zake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo watatakiwa kuujenga watu ambao hawakuwahi kuuza hata gunia moja la floraspa.