Jiwe la Baharia na Gunia la Rispa

Aliyefia nchi kavu ana kaburi. Mjane wake anajua pa kwenda kupalilia, na mama yake anajua pa kuketi na kulia. Aliyefia baharini hana. Sisi tuliolelewa kwenye jamii ambamo matanga bila maiti hayaishi moyoni tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Kwa hiyo watu wa pwani za mbali wanapojenga mnara kwa ajili ya wanamaji waliozama, tusiharakishe kucheka wala kulaani. Kwa mama ambaye bahari haikumrudishia mwana, mnara ule ndio kaburi pekee.

Hata hivyo, katika sharika zetu zinasikika kauli mbili, na zote mbili tunazikataa. Ya kwanza husema kwamba minara ya wafu ni sanamu, Mkristo asiisogelee. Ya pili husema kwamba kila mnara wa askari ni mtakatifu, na anayehoji amewatukana mashujaa. Kauli ya kwanza haina huruma. Ya pili haina ukweli.

Tuchukue mnara mmoja tuutazame. Huko Laboe, karibu na mji wa bandari wa Kiel kaskazini mwa Ujerumani, nchi ambayo baadhi ya wamisionari waliotuletea Injili walitoka, upo mnara wa ukumbusho wa wanamaji wenye urefu wa mita 72. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1927, kwa ajili ya wanamaji wa Ujerumani waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Chini ya ardhi upo ukumbi wa ukumbusho, na humo watu huweka mashada ya maua kwa ajili ya wale ambao miili yao haikuonekana tena.

Je, hiyo ni ibada ya sanamu? Yoshua aliamuru mawe 12 yatolewe katikati ya mto Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwajibu. Maungamo ya Augsburg, kifungu cha 21, yanaturuhusu kuwakumbuka waliotutangulia ili imani yetu itiwe nguvu. Yanachokataza ni kuwaomba wao badala ya kumwomba Kristo. Anayeweka ua mahali pale hajasujudu. Amelia tu, na Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Tusimnyang'anye mjane machozi yake kwa jina la mafundisho safi.

Lakini mnara ule ule unatuonya pia. Ulipozinduliwa mwaka 1936, Hitler alikuwepo. Kilio cha mama kikageuzwa kuwa ngoma ya vita. Wafu wa vita vya kwanza waliitwa, bila kuulizwa, wawasindikize vijana wa vita vya pili. Ilipita miaka mitatu na miezi michache tu kabla vita hivyo havijaanza, na bahari ikameza maelfu wengine. Hapa ndipo tunaposema bila kuuma maneno: mtawala anayewasifu wafu ili apate wafu wengine anawaibia wafiwa mara mbili.

Biblia inaijua minara ya namna hiyo. Absalomu alijisimamishia nguzo akingali hai, ili jina lake lisipotee. Naye Bwana Yesu aliwakemea waliojenga na kupamba makaburi ya manabii huku mioyo yao ikiwa ile ile ya baba zao waliowaua. Luther, alipoandika mwaka 1526 kuhusu askari na wokovu, hakuidharau kazi ya askari. Lakini alisema pia kwamba askari anayejua kwa hakika kuwa bwana wake anapigana vita vya dhuluma asimtii, amche Mungu kuliko mwanadamu. Kanisa linalobariki kila mnara bila kuuliza swali hilo halijamsikiliza mwalimu wake.

Mwaka 1954 mnara wa Laboe ulirudishwa kwa chama cha wanamaji, nao ukawekwa wakfu upya kwa ajili ya mabaharia wa mataifa yote waliofia baharini. Leo unatetea pia usafiri wa amani baharini. Mawe hayakubadilishwa, iliyobadilishwa ni maana yake. Adui wa jana alipata nafasi katika sala ya leo. Sisi tunaliita jambo hilo kwa jina lake la kikanisa: toba. Basi ikiwa waliojenga kwa saruji na matofali wameweza kutubu, sisi tulio mawe hai tunangoja nini?

Maana habari hii haiishii Kiel. Katika mji huo huo ndiko ilikoundwa manowari Königsberg, iliyokuja kupigana katika maji yetu. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuiangamiza manowari ya Uingereza, Pegasus, iliyokuwa bandarini Zanzibar ikitengenezwa. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa katika kisiwa kidogo cha makaburi mbele ya mji wa Zanzibar. Baadaye Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji, na huko ndiko ilikoishia tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikavutwa nchi kavu kwa mikono na mabega ya Waafrika, ili vita viendelee.

Leo mzinga mmoja unaonekana Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Chuma kimehifadhiwa. Majina ya waliokivuta yako wapi? Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, kwa njaa, kuhara na uchovu. Mwaka 1927, mwaka ule ule wa jiwe la Laboe, sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam. Maandishi yake yanawataja askari na wapagazi kwa ujumla, hayataji jina la hata mmoja. Kila wiki tunakwenda Kariakoo kununua kitambaa na vitunguu, tusikumbuke kwamba jina hilo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi. Kila mmoja wao alikuwa na mama. Nani alimpelekea taarifa?

Ndiyo maana tunamleta Rispa binti Aya. Wanawe wawili waliuawa pamoja na wengine watano kwa sababu za wakubwa, miili yao ikaachwa mlimani. Mama yule alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwa na mchongaji wala mgeni rasmi. Mfalme Daudi alipopata habari zake, ndipo alipokusanya mifupa na kuizika kwa heshima. Gunia la Rispa lilifanya ambalo nguzo ya Absalomu haikufanya: lilimlazimisha mfalme kuwakumbuka waliosahauliwa.

Huu basi ndio msimamo wetu. Mnara wa baharia upimwe kwa aliyebaki nyumbani. Ukimsaidia mjane kulia, kuitwa kwa jina na kula, tuuheshimu. Ukimsaidia mtawala kupiga kifua, tuukemee, hata kama umewekwa wakfu na askofu.

Na kabla hatujawanyoshea wengine kidole, tutazame kuta za makanisa yetu wenyewe. Jiwe la msingi limeandikwa jina la mgeni rasmi aliyekaa saa mbili na kuondoka. Mjane aliyebeba maji na mchanga kichwani miezi mitatu hayupo. Tunachangishana kwa ajili ya kibao cha marumaru, na fungu la diakonia limebaki na sarafu. Yakobo alituandikia kwamba dini iliyo safi ni kuwaendea yatima na wajane katika dhiki yao. Hakutaja marumaru.

Kwa hiyo Jumapili ya mwisho wa mwaka wa kanisa, tunapowakumbuka waliolala, majina yasomwe: askari, baharia, mvuvi ambaye mtumbwi wake haukurudi. Wafiwa wao waitwe mbele waombewe. Kisha wazee wa kanisa waondoke na orodha ile mkononi, waende nyumba kwa nyumba, waulize kuhusu ada ya mtoto, paa linalovuja na unga. Usharika usioweza kufanya hayo usijenge mnara wowote.

Yohana aliona kwamba siku ya mwisho bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Siku hiyo haitatenganisha wa Königsberg na wa Pegasus, wala mpagazi aliyetupwa mtoni hatakosa kuitwa. Mungu ana majina yote. Sisi tutaulizwa kuhusu wale waliobaki ufukweni, ambao tulikuwa tunaishi nao jirani.