Daktari wa mtoto naye anapimwa

Huko Marekani, daktari wa watoto anayetaka kudumisha uthibitisho wa bodi yao, American Board of Pediatrics, hukusanya alama 100 kila miaka 5. Kusoma peke yake hakutoshi. Sehemu ya alama hizo hutokana na kuboresha huduma pale anapofanyia kazi. Mathalani, kliniki huhesabu ni watoto wangapi wenye pumu waliopewa maelekezo ya maandishi ya kutumia dawa nyumbani, hurekebisha utaratibu, kisha huhesabu tena. Wapo madaktari wanaonung'unika kuwa ni kazi ya makaratasi tu. Labda. Lakini karatasi ile, anayeishika saa nane usiku kifua kikimbana mtoto ni mzazi. Asipopewa, aiombe kabla hajatoka kliniki.