Tezi Iliyosinyaa Haiamki kwa Siku Moja

Wagonjwa wengi wanaotumia prednisoloni huelezwa idadi ya vidonge na saa za kuvimeza, lakini hawaelezwi kwa nini hawapaswi kuviacha ghafla. Kwa maoni yangu, uhaba wa muda kliniki si sababu pekee. Tumezoea kuifikiria tezi ya adrenali kama bomba la maji, lifungwalo na kufunguliwa papo hapo. Utafiti wa seli za tezi hiyo unatufundisha vingine.

Tezi za adrenali ni mbili, nazo hukaa juu ya figo. Gamba lake hutengeneza kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kustahimili homa, jeraha na njaa. Amri kuu hutoka katika tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kupitia homoni iitwayo ACTH. Mwilini, ACTH ikizidi, gamba hunenepa, ikikosekana, husinyaa. Hata hivyo, seli za adrenali zilipokuzwa maabarani, ACTH iliongeza kotisoli bila kuzifanya seli zenyewe ziongezeke kama ilivyotarajiwa. Ikadhihirika kwamba amri hiyo ina wasaidizi.

Miongoni mwa wasaidizi hao ni vichochezi vya ukuaji, yaani protini ambazo seli hupelekeana na jirani zake. Vile vinavyofanana na insulini, IGF-I na IGF-II, huzifanya seli ziitikie ACTH kwa nguvu zaidi. Kingine, TGF-beta, kimeonekana katika majaribio mengi kupunguza utengenezaji wa homoni. Tezi hai, basi, inafanana zaidi na shamba: mvua ni ya lazima, lakini udongo nao una kauli yake.

Hapa ndipo maabara inapokutana na kitanda cha mgonjwa. Mtu akitumia steroidi kwa zaidi ya wiki 3 au 4, pituitari huweza kuacha kutoa ACTH ya kutosha, na gamba la adrenali likasinyaa. Dawa ikikatwa ghafla, ACTH hurejea polepole, kisha seli hujijenga upya. Kazi hiyo yaweza kuchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho malaria au upasuaji waweza kulishusha shinikizo la damu hata kuua. Hatari hiyo haiko kwenye vidonge pekee: krimu kali za klobetasoli, ambazo baadhi ya watu huchanganya katika mkorogo, hupenya ngozi na kuinyamazisha tezi vilevile.

Yupo atakayeuliza: kwa nini basi tusimpe mgonjwa vichochezi hivyo ili tezi iamke upesi? Jibu liko katika saratani ya gamba la adrenali, ambamo IGF-II hupatikana kwa wingi kupita kiasi katika uvimbe mwingi. Kinyume chake nacho kilijaribiwa. Dawa ya linsitinib, inayozuia kipokezi cha IGF-I, ilipimwa kwa wagonjwa 139 wa saratani hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa haikurefusha maisha yao. Kinachoonekana katika sahani ya maabara bado si tiba, na anayeuza virutubisho vya "kuamsha adrenali" anauza ahadi.

Tiba tuliyo nayo ni maelezo. Mhudumu wa afya amuulize kila mgonjwa kuhusu vidonge, sindano na krimu. Aandike katika kadi jina la dawa, kipimo na tarehe ya kuanza. Apunguze dozi hatua kwa hatua. Na akumbuke kuiongeza mgonjwa anapopata homa kali au kufanyiwa upasuaji. Nawe mgonjwa, usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu au uso umevimba. Rudi kliniki upangiwe namna ya kuipunguza. Ukitapika, ukaishiwa nguvu na kuona kizunguzungu, nenda hospitali mara moja, nawe utamke mapema: "Natumia steroidi." Maneno hayo mawili yaweza kuokoa maisha.