Seva umesasisha, na iLO je?

Jamani wenye seva, leo nina neno nanyi. Kila mwezi twasasisha Linux au Windows, kisha twajipiga kifua. Na iLO je? Hiyo ni tarakilishi ndogo iliyomo ndani ya seva za HPE, yenye programu yake yenyewe. Hata ukizima seva, iLO iko macho mradi waya wa umeme umechomekwa.

Mwaka 2017 ilibainika kuwa iLO 4 yaweza kuingiwa bila nywila: unatuma herufi A mara 29 katika sehemu ya Connection ya ombi la HTTP, basi, umeingia! Dawa ilikuwa toleo 2.53. Mwaka 2018 wahalifu wakavamia iLO zilizoachwa wazi kwenye intaneti, wakidai bitcoin.

Mimi nami niliahirisha muda mrefu, nikidhani lazima nizime seva. Kumbe sivyo! iLO hujiwasha upya peke yake, seva ikiendelea na kazi.

Maoni yangu: asiyesasisha iLO hajasasisha seva. Isasishe, kisha iondoe kwenye intaneti. Yako ni toleo gani?