Mto Mmoja, Majina Matatu

Wanafunzi wa bara, wakiwemo wa Kitengela na Kajiado, wanapopelekwa kuzuru Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Malindi, huichukulia safari hiyo kuwa ya ugenini. Hutazama samaki na matumbawe, hupiga picha, kisha hurejea kwao wakiamini kuwa bahari ni ya watu wa pwani. Imani hiyo ni potofu, na majina yamechangia kuidumisha.

Mto Kitengela humwaga maji yake katika Mto Athi. Athi ukishaungana na Mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, nao huingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Mto ni mmoja, majina ni matatu. Anayeujua Athi pekee hashtuki asikiapo kuwa Sabaki umejaa tope.

Ilhali tope hilo lina madhara. Matumbawe ni viumbe hai vinavyohitaji maji maangavu, kwani miani midogo inayoishi ndani yake hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kaskazi ivumapo, maji ya tope ya Sabaki husukumwa kusini kuelekea mbugani. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1968, na mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe yake mengi. Askari wa mbuga aweza kuzuia nyavu. Hawezi kuzuia udongo uliomomonyoka bara.

Wapo watakaodai kuwa hayo ni ya wanajiografia. Hata hivyo, ni Kiswahili kilichohifadhi maarifa ya kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, kupwa na kujaa. Darasani maneno hayo hukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mvuvi huyatumia kuamua siku na saa ya kutweka tanga. Mwanafunzi asiyewahi kumsikiliza mvuvi huyo amepata neno akakosa maana.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili zingefaa kuigeuza ziara hii kuwa utafiti wa nyanjani. Ianzie kingoni mwa Mto Kitengela, kwa kuwauliza wafugaji habari za mvua na mmomonyoko, na iishie kwa wavuvi wa Malindi. Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Msomi wa Kiswahili naye aufuate, apate kuwaeleza wa juu yanayowafika wa chini.