Mawindo si Mashindano

Wanafunzi wangu, tuanze na neno moja. Mawindo ni kile anachorudi nacho mwindaji kutoka porini: nyama ya kitoweo, ngozi ya kutumia. Basi mtu akiua wanyama kumi kwa siku moja, akawapakia garini, akawapeleka kwenye mizani, akapokea fedha, kisha akaitupa mizoga, tumwiteje? Mimi simwiti mwindaji. Kumpa jina hilo ni kuwatukana wawindaji.

Mambo hayo hufanyika Marekani. Washindani hulipa kiingilio, hujigawa katika vikundi, na kwa siku moja au mbili huua koyoti, yaani mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na mbweha wetu, pamoja na paka mwitu. Hutuzwa aliyeua wengi, hutuzwa aliyeua mzito kupita wote, na pengine hutuzwa hata aliyeua mdogo kabisa. Hilo la mwisho ndilo linikeralo zaidi. Mnyama mchanga amemdhuru nani hata mauaji yake yalipiwe zawadi?

Watetezi hujibu kwamba koyoti hula kondoo. Ni kweli, wapo walao kondoo, na mfugaji ana haki ya kulinda mifugo yake. Sheria ninayoiunga mkono haimnyang'anyi haki hiyo. Lakini shindano halimtafuti mwizi wa kondoo. Washindani huiga kilio cha sungura aliyejeruhiwa, na yeyote anayeitikia mlio huo hupigwa risasi, awe na hatia au asiwe nayo. Isitoshe, katika kundi la koyoti kwa kawaida ni jozi moja tu, dume na jike wakuu, wanaozaa. Wakiuawa hao, kundi husambaratika na wadogo huanza kuzaa. Mfugaji aliyeahidiwa nafuu hubaki na majirani wapya, wachanga na wenye njaa.

California ilipiga marufuku zawadi za mashindano haya mwaka 2014. Vermont ikafuata mwaka 2018 kwa mashindano ya koyoti. Gavana wa New York alitia saini sheria ya jimbo lake mwezi Desemba 2023, ingawa sheria hiyo imewaacha nje kulungu, dubu na bata mzinga. Sababu ya kuwabagua hao siioni. Mizani ni ile ile, fedha ni zile zile.

Hata hivyo, sheria ya jimbo huishia mpakani. Aliyekatazwa hapa huwasha gari akavuka kwenda jimbo jirani, na Texas mashindano hayo yangali yakiendelea kwa zawadi nono. Ndiyo maana mwaka 2022 ulipelekwa katika Bunge la Marekani muswada wa kuyapiga marufuku katika ardhi ya umma. Ardhi hiyo si kipande kidogo: katika jimbo la Nevada pekee, takribani asilimia 80 ya nchi iko mikononi mwa serikali kuu. Ni mali ya raia wote, wakiwamo wale wasiotaka kuona pori lao likigeuzwa uwanja wa kamari. Muswada huo haukupita. Wabunge waurudishe, waupitishe, na safari hii wasimbague mnyama yeyote.